Dhiki Inayofuata Badiliko la Maisha



Somo letu la leo lahusu maradhi yasiyo na homa wala jeraha. Kwa kutoyajua, sisi watu wa pwani humwita mwenye nayo mvivu, au twasema amepandwa na pepo. Na yote mawili ni kumdhulumu.

Mfano wetu tuutwae bara, kisiwani Rusinga. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Viktoria lilijaa likakipita kipeo cha mwaka 1964, na watu wengi wa kandokando yake wakahama makwao. Tumfikirie mvuvi wa huko ambaye nyumba yake iliingia maji, akahamia mlimani kwa jamaa zake. Wiki za kwanza hulia, hukasirika, hukosa usingizi. Hayo si maradhi. Ndivyo ulivyo moyo wa binadamu. Lakini siku zapita, naye kila akiketi fikra zake zi kwenye nyumba ile ile. Nyavu hazigusi, wanawe hawasemezi, chakula hakimshuki. Hapo ndipo pa kuuliza.

Matabibu wanaihesabu hali hii kuwa ni maradhi ya kushindwa kuzoea badiliko. Katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, alama zake ni hizi: kwanza, lipo jambo linalojulikana lililomfika mtu, pili, dalili huanza kwa kawaida ndani ya mwezi 1 tangu jambo hilo, tatu, fikra zake hazibanduki hapo, nne, kazi na maisha yake huharibika. Kwa kawaida hupoa ndani ya miezi 6, isipokuwa dhiki yenyewe ikiendelea.

Neno hilo la mwisho ndilo kiini cha somo. Mvuvi yule akiambiwa "subiri" ilhali hana makazi wala chombo, dhiki yaendelea, na maradhi pamoja nayo. Subira si kumwacha mwenzio azame. Basi tumsikilize bila ya kumlaumu, tumsaidie apate makazi na kazi, na hali isipopungua tumpeleke kwa tabibu, maana huenda ikawa ni maradhi mazito zaidi, kama sonona. Na akitaja kufa au kujidhuru, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wala tusidhani haya ni ya Rusinga tu. Mwanamke aliyeachwa, karani aliyestaafu bandarini, kijana aliyerudi mikono mitupu kutoka Arabuni: hao tunao mitaani mwetu. Yatupasa tuwaulize yaliyowafika kabla hatujawapa majina.