SOMO LA LEO: Uza kama nyumba ya sanaa inavyomuuza msanii wake

Somo hili ni la wale tunaouza mtandaoni vitu vilivyotengenezwa na mtu mwingine: mikoba, magauni, shanga, vikapu, sabuni. Tujifunze kwa watu ambao kazi yao ni hiyo hiyo, yaani nyumba za sanaa zinazopeleka wasanii wao kwenye maonyesho makubwa.

Kwanza tuelewane maonyesho yenyewe. Fikiria Sabasaba, ila kila banda lina sanaa tu. London kuna yanayoitwa 1-54, yaliyoanzishwa na Touria El Glaoui mwaka 2013 kwa ajili ya sanaa ya Afrika. Maana ya jina ni bara 1, nchi 54. Ni ya siku chache tu. Nyumba ya sanaa inalipia banda, usafirishaji wa picha, bima, tiketi na malazi kabla haijauza hata picha moja. Ndiyo maana mara nyingi picha ikiuzwa wanagawana na msanii nusu kwa nusu, na wanakubaliana mapema.

Sisi huku Mwika maonyesho yetu ni Desemba. Watu wanapanda nyumbani kutoka Dar, Arusha na kwingineko, wanakaa wiki mbili hivi, halafu wanashuka. Mimi nauza mikoba ya vitenge inayoshonwa na kina mama watatu wa hapa. Desemba ikienda vibaya, Januari ada za watoto wao zinakuwa shida. Kwa hiyo haya siyo mambo ya matajiri wa London peke yao.

1. Onyesha vichache

Afriart Gallery ya Kampala, iliyoanzishwa mwaka 2002 na mchoraji Daudi Karungi, imekuwa ikimwakilisha Mtanzania mwenzetu Sungi Mlengeya. Huyu dada amezaliwa 1991. Uchoraji alijifundisha mwenyewe, akaacha kazi ya benki ili achore. Anachora wanawake weusi kwenye turubai nyeupe, na sehemu kubwa ya ule weupe anaiacha wazi. Jicho linakosa pa kwenda, linabaki kwa yule mwanamke.

Banda zuri la maonyesho nalo liko hivyo: ukuta mweupe, picha chache, nafasi katikati. Wewe una shuka jeupe na mwanga wa asubuhi mlangoni. Picha moja, mkoba mmoja. Ukirundika mikoba 40 kwenye picha moja, mteja haoni hata mmoja, anapita zake.

2. Andika kila kitu, jina la fundi likiwemo

Pembeni ya kila kazi, au kwenye orodha ya banda, utakuta jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa alivyotumia na ukubwa. Maneno machache, lakini yanajibu maswali kabla hayajaulizwa.

Chukua mfano wa jirani yetu. Everlyn Nicodemus amezaliwa Marangu mwaka 1954. Mwaka 1982, akiwa Sweden, alijichora mwenyewe. Mwaka 2022 picha hiyo ikanunuliwa na National Portrait Gallery ya London, ikawa picha ya kwanza ya kuchorwa ambayo msanii mwanamke mweusi amejichora mwenyewe kuingia kwenye hazina yao. Hapo imepita miaka 40! Kazi ikikaa muda wote huo, mnunuzi lazima ajue nani kaichora, lini na wapi.

Mkoba wako nao uandikie: kitenge aina gani, bitana ipo au haipo, urefu na upana kwa sentimita, nani kashona. Na bei iweke. Mabanda mengi ya sanaa hayabandiki bei ukutani, mpaka uulize. Hilo tusiige. Mteja wetu ukimwambia "njoo inboksi", anaenda kwa mwingine.

3. Bei iwe moja

Najua wengi mnaogopa kutaja jina la fundi kwa sababu mteja atamfuata mwenyewe. Wasanii nao wanafuatwa majumbani. Nyumba ya sanaa haifichi jina, inalitangaza. Kinachoilinda ni makubaliano: picha ina bei ile ile, uinunue bandani au kwa msanii.

Sasa piga hesabu ya mkoba wa 30,000. Kitenge, bitana na zipu 9,000. Ufundi 8,000. Kifungashio na kuupeleka mpaka kwenye basi 2,000. Bando 1,000. Jumla 20,000. Inabaki 10,000, na kodi ya duka inatoka humo. Mteja akikukaba mpaka 22,000, umebaki na 2,000. Mkoba unaofuata utaanza kumwambia mama, "safari hii naomba nikupe 5,000." Punguzo tunalompa mteja kwa haraka, mara nyingi analilipa fundi. Kama unataka kutoa punguzo, lipange kabla, na litoke kwenye fungu lako.

Ila na wewe uwe na faida kwake. Kama hupigi picha vizuri, hutafuti wateja na humlipi kwa wakati, kwa nini asiuze mwenyewe?

4. Anza na wanaokujua

Kabla ya maonyesho kufunguliwa, nyumba za sanaa huwatumia wateja wao orodha ya kazi zinazokuja. Wengi hualikwa waone kabla ya umma kuingia. Fanya hivyo katikati ya Novemba. Chukua namba za walionunua mwaka jana, watumie picha kumi tu: "Shikamoo mama, hii ni mikoba ya Desemba, nimeanza na wewe." Atakayetaka analipa sehemu, unamwandikia jina. Hapo fundi anashona akijua kuna mwenyewe.

5. Funga hesabu na fundi

Banda likibomolewa, kazi haijaisha. Kuna kukusanya malipo, kutuma mizigo, kumlipa msanii. Nunua daftari la mistari: tarehe, mkoba, fundi, mteja, kiasi, umemlipa lini. Kila mkoba ukilipwa, mpe hela yake wiki hiyo hiyo na asaini. Fundi aliyelipwa Desemba ndiye atakayekupa kazi yake nzuri Pasaka.

Kazi ya wiki hii: chagua bidhaa tano tu, zipige picha upya moja moja, uziandikie kama nilivyosema. Halafu kaa na fundi wako mkubaliane bei na fungu la kila mtu, muandike.

Mtumie na mwenzako anayeuza kazi za mafundi. Tuonane somo lijalo.