Je, Lusifa alilazimika kuondoka? Hatima na hiari katika msimu wa mwisho wa "Lucifer"



Ndugu msomaji, swali la leo hatukulitoa darasani. Tulilikuta kambini Nduta, wilayani Kibondo, wakati wa utume wa likizo. Vijana wa kwaya walikuwa wamegawanyika pande mbili kwa sababu ya tamthilia ya Marekani iitwayo Lucifer. Vipande vyake vinahama kutoka simu hadi simu kwa memori kadi, na kwa kuwa simu zenyewe huchajiwa kwa sola, msimu mmoja unaweza kuchukua wiki kadhaa kumalizika. Muda wa kubishana upo wa kutosha.

Kwa asiyeifahamu, tamthilia hiyo ilianza kurushwa Januari 2016, na msimu wa sita, ambao ndio wa mwisho, ulitoka Septemba 2021. Steringi ni Lusifa mwenyewe, malaika mwasi aliyeacha jehanamu, akafungua klabu ya usiku Los Angeles na kumsaidia mpelelezi wa polisi, Chloe Decker. Msimu wa tano unakwisha akiwa ameshinda kiti cha Mungu. Katika msimu wa sita anatokea Rory, binti wa Lusifa na Chloe, ametoka wakati ujao na amejaa hasira, maana baba yake alitoweka kabla hajazaliwa. Lusifa anaapa kwamba hatamwacha kamwe. Baadaye Rory anamwelewa baba yake, na ni yeye huyo anayemwomba aondoke kama ilivyokwisha kuwa, asibadilishe kitu. Baba anakubali. Kiti cha Mungu anakichukua ndugu yake Amenadiel, naye Lusifa anarudi jehanamu kuzisaidia roho zinazoteswa na hatia zao. Chloe anamlea mtoto na kumficha ukweli miaka yote.

Upande wa imani hatuna haja ya kukawia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba utashi wa malaika ukishachagua haugeuki tena. Huyu wa kwenye tamthilia hugeuka kila msimu, hulia, na huenda kwa mtaalamu wa saikolojia kueleza matatizo yake. Ni binadamu aliyebandikwa mabawa. Basi tumjadili kama binadamu, yaani kama baba.

Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 kuwapokea Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka huo. Aliyefika akiwa na miaka sita amekulia humo. Wapo ambao baba zao walibaki nyuma, na wapo ambao baba alitangulia kurudi kuangalia shamba, kisha habari zake zikakatika. Kwa hiyo kuuliza kama Lusifa alifanya vema kuondoka halikuwa swali la kupitisha jioni.

Upande wa kwanza ulishikilia kwamba baba hakuwa na la kuchagua. Rory ametoka wakati ujao, kwa hiyo kuondoka kwa baba kumeshatokea. "Frateri, kilichokwisha kuonekana hakikwepeki," alisema kijana mmoja, na wenzake wakapiga makofi.

Boethius alilichambua jambo hilo akiwa kifungoni, mnamo mwaka 524, akisubiri kuuawa. Aliuliza: kama Mungu anajua nitakachofanya kesho, hiari yangu iko wapi? Jibu lake tunaweza kuliweka katika milima ya Kibondo. Umekaa juu ya kilima, unamwona mtu barabarani akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Maadamu unamwona, ni lazima kwamba anatembea. Lakini macho yako hayakumtembeza. Angeweza kukaa kivulini, nawe ungemwona amekaa. Kwa Boethius, Mungu hachungulii mbele kama mpiga ramli. Nyakati zote ziko mbele yake kama sasa, na tendo la hiari huliona kama tendo la hiari.

Rudi kwa Rory. Alijua kwamba baba aliondoka kwa sababu aliondoka. Waandishi wa tamthilia wameupindua mpangilio huo: baba anaondoka kwa sababu binti anajua. Ujuzi umegeuzwa amri. Lusifa alichagua, na tendo hilo ni lake. Msichana mmoja aliyekuwa kimya muda mrefu aliuliza, "Ana mabawa. Hata jioni moja tu alishindwa kuja?" Hakuna aliyemjibu. Na wale waliomtetea Lusifa hawakupata neno la kumtetea Chloe, mama anayeziona hasira za mtoto wake zikikua na jibu analo mdomoni.

Upande wa pili ulikuwa na hoja nzito zaidi. Baba akibaki, Rory huyu hayupo. Uchungu ndio uliomfanya awe alivyo, naye anajipenda alivyo. Aliyeitoa hoja hii akaongeza: "Hata mimi, bila kambi nisingekuwa mimi."

Hapo tulinyamaza kwanza, maana hoja hii ina heshima ndani yake. Mtu hakubali maisha yake yahesabiwe kuwa hasara tupu. Lakini Aristotle anatusaidia kutenganisha kiini cha kitu na sifa zinazoambatana nacho. Hasira ya Rory, ukali wake, ustadi wake wa kujilinda, vyote ni sifa. Mimba imeshatungwa, baba akibaki, atakayezaliwa ni mtoto yuleyule, mwenye kumbukumbu nyingine. Hata huyu dada wa kwaya angekuwa yeye kule Burundi: sauti ileile, akili ileile, huenda na ubishi uleule.

Tena, jema kuchipuka katika baya hakulifanyi baya kuwa jambo la kuchaguliwa. Mtume Paulo anaikataa hoja hiyo waziwazi katika barua kwa Warumi. Baba aliyevuka mpaka usiku kuwatafutia watoto usalama hakuwaacha kwa maana hii. Alisukumwa na baya, hakulitumia kama chombo cha kumlea mtoto. Lusifa amelitumia.

Tuliwapa vijana kisa cha Yosefu, aliyeuzwa na ndugu zake akapelekwa Misri. Anawaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya, na Mungu akayageuza kuwa mema. Ubaya wao anaendelea kuuita ubaya. Tena kabla ya hapo, akiwa tayari mkubwa wa nchi, ana mke na ghala zilizojaa, alipozaliwa mwanawe wa pili alimwita Efraimu, kwa kuwa Mungu amemjalia uzao katika nchi ile. Na nchi hiyohiyo iliyompa cheo, Yosefu bado anaitaja kuwa nchi ya mateso yake.