Mafunzo kwa Watakaofundisha Watoto Kuendesha Baiskeli

Mtu wa Busia au Malaba hahitaji kuelezwa baiskeli ni kitu gani. Ni katika miji hiyo ya mpaka wa Kenya na Uganda kazi ya bodaboda ilikozaliwa katika miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli walipoanza kuwapakia wasafiri juu ya keria na kuwavusha ile nafasi iliyopo kati ya kituo cha forodha cha nchi moja na kituo cha nchi ya pili, mahali ambapo motokaa haikuweza kupita bila hati zake. Mwenye baiskeli alinadi kazi yake kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, na jina hilo likashika. Leo latumika Afrika ya Mashariki nzima, ingawa waliolirithi zaidi ni wenye pikipiki, hasa tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo.

Basi, wako watakaouliza: katika nchi ya namna hiyo, ambamo karibu kila nyumba yuko mtu ajuaye baiskeli, kuna haja gani ya kuwafunza watu jinsi ya kufundisha watoto? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo somo letu la leo. Kujua kuendesha ni jambo moja, na kujua kufundisha ni jambo la pili. Mtu aliyeendesha kwa miaka 30 amekwisha kusahau kwamba alijifunza. Mwulize afanyalo anapotaka kuingia njia ya kulia, atakujibu, "Naingia tu." Na kweli yeye huingia tu, lakini kabla ya kuingia ametazama nyuma, amesikiliza, amepunguza mwendo, amenyosha mkono, ametazama tena, na yote hayo ameyafanya bila kujijua. Mtoto hawezi kujifunza "kuingia tu." Kazi ya mwalimu ni kulifungua fundo hilo uzi mmoja mmoja.

Jambo hili si mchezo katika miji yetu. Barabara kuu itokayo Mombasa na Nairobi hufika Malaba, na ile itokayo Kisumu hufika Busia, na kwa njia hizo mbili hupita shehena ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudani Kusini na mashariki ya Kongo. Malori yenye trela husimama foleni karibu na maduka na shule. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa ugonjwa wa korona, foleni ya Malaba ilirudi nyuma kilomita nyingi sana. Mtoto atokaye Amagoro au Alupe kwa baiskeli hupita kando ya vyombo hivyo kila siku. Kosa ambalo mahali pengine lingempa mchubuko wa goti, hapa laweza kumwua.

Mafunzo ya mwalimu yafaa yaanze kwa kumrudisha utotoni. Watu wazima wengi wamezoea kupanda baiskeli kutoka upande wa kushoto. Waambie wote wapande kutoka kulia. Utawaona wazee wenye heshima zao wakiyumba, wakicheka, wakishikilia usukani kama mtu anayezama. Kisha waulize ni neno gani lililowasaidia katika dakika ile, na ni neno gani lililowaudhi. Karibu wote watasema kelele za "Angalia! Angalia!" hazikuwafaa kitu. Siku ile hawasahau, nao hawatampigia mtoto kelele za namna hiyo. Zoezi la pili ni kwenda hatua 20 polepole kuliko wenzao wote bila kuweka mguu chini. Hilo hufundisha kwamba ufundi wa baiskeli haupimwi kwa mbio.

Sasa tuje kwa mtoto mwenyewe. Hapa kwetu watoto wengi hujifunza juu ya baiskeli ya baba, nzito na ndefu, na kwa kuwa miguu haifiki, mtoto hupitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu, katikati ya fremu, akapiga pedali hali mwili umening'inia upande mmoja. Twamsifu kwa ushujaa wake, wala si vizuri kumkemea, maana hana baiskeli nyingine. Lakini mwalimu lazima ajue kwamba mtoto aliye katika hali hiyo hawezi kugeuza kichwa kutazama nyuma, wala hawezi kuuachia usukani mkono mmoja. Kwa hiyo hayuko tayari kwa barabara, hata akiwa hodari namna gani uwanjani. Chama cha wazazi au shule ikiweza kupata baiskeli mbili tatu za kimo cha watoto, itakuwa imefanya nusu ya kazi.

Kwa mtoto asiyejua kabisa, acheni ile desturi ya kumshika kiti na kumsukuma mteremkoni. Mwandishi wa maneno haya alifundishwa hivyo, na alama iko mpaka leo. Njia iliyo bora ni kuondoa pedali zote mbili na kushusha kiti mpaka nyayo zote zikanyage chini. Mtoto ajisukume kwa miguu, kwanza kama atembeaye, kisha kwa hatua ndefu, halafu ainue miguu aache baiskeli iserereke. Atakapoweza kuserereka hatua 10 bila kugusa ardhi, usawa ameupata, rudisheni pedali. Watoto wengi huendesha siku hiyo hiyo. Mwalimu hashiki baiskeli. Akilazimika, aweke mkono begani mwa mtoto, maana akishika usukani yeye ndiye aendeshaye.

Baada ya hapo ni kusimama. Yashangaza jinsi watu wanavyofundisha kwenda kwanza na kusimama baadaye! Mtoto ajue breki ya mbele na ya nyuma, azibane zote mbili pamoja polepole, asije akaibana ya mbele peke yake akapinduka. Ajue pia kwamba mvua ikinyesha, raba za breki haziushiki ukingo wa gurudumu upesi, na baiskeli huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Na kwa kuwa watoto wetu hutumwa maji, zoezi hili lirudiwe kwa mzigo. Mitungi miwili ya lita 20 ni kilo 40, ambayo huzidi uzito wa watoto wengi wenyewe. Hapo mwalimu atamwona yule mtoto hodari akipita mstari wa kusimamia kama asiye na breki. Afadhali auvuke mstari wa majivu uwanjani kuliko ule wa barabarani.

Tendo gumu kuliko yote ni kutazama nyuma. Mtoto akigeuza kichwa kulia, mikono hufuata, na baiskeli nayo hufuata mikono, akajikuta katikati ya barabara. Mchoreeni mstari mrefu kwa majivu. Aende juu yake, na mwalimu aliye nyuma ainue vidole; mtoto ageuke, ataje idadi ya vidole, wala asiuache mstari. Yafaa zoezi hili lirudiwe siku nyingi. Ishara ya mkono haina faida kwa mtu asiyetazama kwanza: ataunyosha mkono kwa adabu nzuri kabisa mbele ya gari ambalo hakuliona.

Somo la malori linahitaji lori lenyewe. Ombeni dereva mwema, lori likiwa limesimama mahali salama, injini imezimwa na funguo ziko mkononi mwa mwalimu. Mtoto mmoja apande, aketi mahali pa dereva. Wenzake wasimame na baiskeli zao mbele ya pua ya lori, ubavuni, na nyuma ya trela. Kisha yule wa juu ahesabu anaowaona. Atawakosa wengi, hata walio karibu kiasi cha kuligusa lori. Wabadilishane wote. Maneno ya saa nzima hayafikii dakika tano za somo hilo.

Hapo mwalimu aeleze jambo ambalo hata watu wazima wengi hawalijui. Lori refu likikata kona kuingia kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele; hukata ndani zaidi, karibu na ukingo. Mtoto aliyejipenyeza kati ya lori na ukingo, akidhani nafasi ni tele, huona nafasi ile ikifungwa. Kanuni ni moja: usipite kushoto mwa lori lililo karibu na njia panda, kaa nyuma yake, mbali, mahali unapoona kioo cha dereva. Usipoona kioo chake, yeye hakuoni.

Katika mpaka wetu iko hatari nyingine ambayo vitabu vya nchi nyingine havikuiandika. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara, lakini Rwanda, Burundi, Kongo na Sudani Kusini huendesha kulia, na malori yanayotoka huko huweza kuwa na usukani upande wa kushoto. Dereva wa lori kama hilo huketi upande wa ukingo. Akitaka kulipita gari lililo mbele yake, hana budi kulitokeza lori lake kulia kabla ya kuona vema yanayokuja. Kwa hiyo mtoto afundishwe kutafuta uso wa dereva pande zote mbili za kioo cha mbele, wala asidhani kwamba kila dereva yuko kulia. Afundishwe pia kutopita kati ya malori mawili ya foleni ambayo injini zake zinanguruma, na kutoshika trela ili avutwe kupanda mlima, hata kama amewaona wakubwa wakifanya hivyo.

Mwalimu ajue mpaka wa kazi yake. Watoto wadogo hawapimi vizuri mwendo wa gari linalokuja. Hilo ni jambo la umri, wala si la ujinga. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita kama mita 14 kila sekunde, na dereva huchukua karibu sekunde nzima kabla mguu haujagusa breki. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kufanya hesabu hiyo kwa macho. Huyo afundishwe uwanjani na katika njia za kijijini, na akifika barabara kuu ashuke, asukume baiskeli yake na kuvuka kwa miguu. Mzazi akilalamika kwamba mtoto wake hajapelekwa barabarani, mwalimu asione haya kukataa. Wakubwa wakiwa tayari, waende wachache, wasizidi wanne kwa mwalimu mmoja, naye akae nyuma yao, kulia kidogo, ili gari limwone yeye kwanza.

Uingereza walianza majaribio ya mtihani wa baiskeli kwa watoto mwaka 1947, na katika Uholanzi mtihani wa barabarani ni desturi katika shule za msingi. Lakini mtihani tunaoupendekeza hapa ni wa mwalimu. Apewe mtoto asiyemjua, amfundishe kutazama nyuma kwa nusu saa, kwa Kiteso, Kiluhya au Kiswahili, kwa lugha ile mtoto anayoisikia vema. Msimamizi asimtazame mwalimu hata kidogo, amtazame mtoto. Nusu saa ikiisha, mwalimu aondoke, na mtoto aupite mstari wa majivu peke yake, huku msimamizi akiinua vidole nyuma yake. Siku ya kuanza iwe Jumamosi asubuhi, uwanja wa shule ukiwa mtupu, na kila mwalimu aje na baiskeli, pampu, spana ya kuondolea pedali na kopo la majivu.