Waulize Wameshambadilishia Nani

Mdogo wangu wa Mwanza,

Barua yako imenikasirisha, na hasira zangu si kwako. Unakaa mwisho wa meza ya kikao, sikio lako zima likiwa upande wa ukuta. Bosi anataja tarakimu huku amewapa mgongo, nawe unaandika ulichobahatisha. Halafu unaambiwa huna umakini! Mhasibu anayesikia nusu ya maneno na bado anafunga hesabu za mwezi kwa wakati anatumia umakini mwingi kuliko wote mezani pale.

Unauliza kama uifiche hali yako kwenye usaili wa kampuni hiyo nyingine. Usiifiche, wala usiiombee huruma. Iseme kikazi: "Watu wakiwa kulia kwangu nasikia vizuri, na maagizo yenye tarakimu naomba yaandikwe." Inatosha. Kisha nawe waulize: wameshawahi kumbadilishia mfanyakazi yeyote utaratibu wa kazi? Walibadilisha nini? "Sisi hapa hatubagui mtu" ni jibu la kila ofisi, hata hiyo uliyopo. Unayemtafuta ni mtu mwenye jambo la kusimulia: dawati lililohamishwa, zamu iliyopangwa upya, fundi aliyeitwa kutengeneza njia ya kiti cha magurudumu. Asiye na la kusimulia lakini akakuuliza, "Wewe ungependa tufanyeje?", huyo naye mpe nafasi.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Ila asilimia hiyo inaweza kutimizwa kwa kumkalisha mtu pembeni bila kazi ya maana. Kwa hiyo uliza pia utapewa majukumu gani, na ngazi ya kupanda ikoje.

Huko uliko, andika barua kwa afisa rasilimali watu ueleze unachohitaji, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mdomo tu hautoshi; kesho watasema hukuwahi kusema. Wakikuachisha kazi kwa sababu ya ombi hilo, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wala usiache kazi kabla mkataba mpya haujasainiwa, na usome vizuri kipengele cha muda wa majaribio, maana katika miezi 6 ya kwanza kinga yako dhidi ya kuachishwa kazi ni ndogo.

Mama yako anakwambia uvumilie kwa sababu kazi ni adimu. Ana hofu ya mzazi, usigombane naye. Mwonyeshe hiyo barua kabla hujaipeleka.

Usaili ukipita, niandikie walivyokujibu, hata kama kazi hukuipata.