Maji Yamejaa Kiasi Gani?

Maji yakipwa sana pale kivuko cha Likoni, Mombasa, njia ya kushukia feri huinama mno, na magari yenye mizigo hupanda kwa taabu. Kwa hiyo anayepanga safari za feri hatosheki kuambiwa kwamba maji yamejaa au yamekupwa. Ataka kujua ni kwa kiasi gani, na saa ngapi. Sayansi huanza hapo, kwenye swali ambalo jibu lake laweza kupimwa.

Tuseme wanafunzi, wakiwa na mwalimu wao, wamesimamisha ufito kando ya ngazi za gati. Mmoja anasoma: 148. Namba hiyo pekee haina maana bado. Ni 148 za nini? Za sentimita. Hicho ndicho kizio, kiasi ambacho watu wote wamekubaliana, ili anayesoma Changamwe na anayesoma Kisauni waelewane. Tena, kuanzia wapi? Ufito ukichomekwa leo hapa na kesho hatua mbili mbele, sifuri imehama, na namba za siku hizo mbili haziwezi kulinganishwa. Ndiyo maana sifuri huwekwa pasipohama, mathalani alama iliyochorwa ukutani.

Sasa tazama mawimbi. Wimbi likipanda, maji hufika 152, likishuka, 144. Jibu la kweli ni 148, huenda likazidi au kupungua kwa 4. Kutaja kiasi hicho cha shaka si udhaifu. Ni kumweleza msomaji aiamini namba hiyo kwa kadiri gani. Ukisoma mara kumi na kutafuta wastani, shaka hupungua, kwa kuwa makosa ya juu na ya chini hufutana. Lakini ufito ukiwa umezama matopeni sentimita 10 zaidi, kila usomaji utazidi kwa 10, na wastani nao vilevile. Kosa la namna hii haliondoki kwa kurudia. Huondoka kwa kukagua chombo.

Vipimo vikishaaminika, twaweza kujaribu wazo. Mtu asema: maji hujaa saa ileile kila siku. Hiyo ni nadharia tete, na uzuri wake ni kwamba yaweza kushindwa. Pimeni. Yakijaa leo saa 4:00 asubuhi, kesho yatajaa karibu saa 4:50. Nadharia imeanguka, na swali jipya limezaliwa: mbona dakika 50? Kwa sababu dunia inapojizungusha, mwezi nao unasonga mbele upande uleule, hivyo dunia huhitaji muda zaidi kuufikia.

Endeleeni kwa mwezi mzima. Mtaona kwamba karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa Mombasa yaweza kupita mita 3. Hayo ndiyo maji ya bamvua ambayo wavuvi wetu wameyajua kwa karne nyingi. Jua na mwezi huwa vimepangana mstari mmoja na dunia, na mivuto yao husaidiana. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, na tofauti hupungua sana.

Walimu, wapelekeni wanafunzi pwani na daftari. Kila mstari uandikwe namba, kizio, saa, mahali pa sifuri na kiasi cha shaka. Kikikosekana kimoja, kipimo hakijakamilika.