Somo la Ufundi: Injini ya Probox, Vipimo Vyake na Magonjwa Yake

Kati ya Likoni na Lunga Lunga, au kutoka Kombani kupanda hadi mji wa Kwale na kuendelea Kinango, ni vigumu kusimama kando ya barabara kwa dakika kumi bila kupitwa na Toyota Probox. Gari hili hubeba abiria, nazi, korosho, samaki wa Shimoni na saruji, na mara nyingine vyote hivyo kwa safari moja. Wengi wanaolimiliki walilinunua kwa mkopo. Injini ikifa, deni la sacco haliisubiri itengenezwe.

Probox ya lita 1.5, pamoja na Fielder, Vitz, Ractis na Sienta nyingi za rika lake, huendeshwa na injini moja ya petroli inayoitwa 1NZ-FE. Somo hili limeandaliwa kwa wanafunzi wa umakanika katika vyuo vya ufundi vya kaunti, na pia kwa dereva au mwenye gari anayetaka kuelewa anacholipia gereji.

Maana ya vipimo

Karatasi ya vipimo inasema hivi: silinda nne kwa mstari mmoja, kipenyo cha silinda milimita 75.0, mwendo wa pistoni milimita 84.7, mgandamizo wa 10.5 kwa 1, valvu 16, kemshafti mbili, na cheni ya taimingi badala ya mkanda. Nguvu yake ni takriban farasi 105 hadi 110, kutegemea mwaka na soko ambalo gari lilitengenezewa.

Mwanafunzi asizikariri namba hizi, azipigie hesabu. Duara lenye kipenyo cha sentimita 7.5 lina eneo la karibu sentimita za mraba 44.2. Likizidishwa kwa mwendo wa sentimita 8.47, silinda moja inapata ujazo wa takriban sentimita 374, na zote nne zinatoa karibu 1,497. Hiyo ndiyo CC inayoandikwa kwenye logbook. Kwa kuwa mwendo wa pistoni ni mrefu kuliko kipenyo, injini hii huvuta vizuri bila kuzungushwa kupita kiasi, na ndiyo sababu Probox iliyopakiwa hupanda mlima wa Kwale bila kulalamika sana.

Kila silinda hufanya kazi nne: kuvuta hewa na petroli, kugandamiza, kuwaka, na kutoa moshi. Kazi hizo nne humalizika kwa mizunguko miwili ya krenkshafti. Basi injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde, na zote nne kwa pamoja mara 100. Pistoni nayo husafiri wastani wa karibu mita 8.5 kila sekunde, ikipanda na kushuka. Kati ya chuma hicho kinachokimbia na ukuta wa silinda hakuna kinga isipokuwa utando wa oili mwembamba kuliko unywele.

Bloku yenyewe ni ya alumini, na ndani ya kila silinda kuna ganda jembamba la chuma. Muundo huu hupunguza uzito na petroli, lakini hausamehi joto. Injini za zamani za bloku nzito ya chuma ziliweza kuchemka mara kadhaa na bado zikarudi kazini. Hii hupinda hedi mara ya kwanza au ya pili.

Oili: ugonjwa unaoua wengi

Injini ya 1NZ huchukua takriban lita 3.7 za oili pamoja na filta mpya. Ni kidogo. Gari likizeeka, matundu madogo ya kurudishia oili yaliyo nyuma ya ringi za pistoni huziba kwa masizi, ringi hushikana, na oili hupanda juu na kuungua pamoja na petroli. Dalili ni moshi wa rangi ya samawati gari linapowashwa asubuhi au linapokanyagwa baada ya kuteremka mlima. Mara nyingi, hata hivyo, hakuna moshi wowote unaoonekana. Oili inapungua kimya kimya.

Vitabu vya mwongozo vya Toyota vya miaka hiyo huweka kikomo cha lita 1 kwa kila kilomita 1,000. Tuseme Probox ya abiria imefika kikomo hicho na hufanya kilomita 200 kwa siku. Baada ya siku tano imekula lita 1. Baada ya siku kumi imebakiwa na lita 1.7, chini ya nusu. Dereva anayesubiri kilomita 5,000 ndipo apeleke gari sevisi atakuwa amemaliza oili yote kabla ya kufika kilomita 4,000. Atalaumu oili feki, atamlaumu fundi, pengine hata jirani, ilhali injini ilikuwa ikiomba lita moja tu kila siku tano.

Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haisaidii hapa, na wengi hawajui. Taa hiyo hupima presha. Kiasi cha oili hakiihusu. Huwaka pampu inapoanza kuvuta hewa, na kufikia hapo beringi za krenkshafti huwa zimekwisha kukwaruzika. Kipimo cha kuaminika ni kile kijiti kilicho chini ya boneti. Gari liegeshwe mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika tano au zaidi, kijiti kifutwe, kirudishwe, kisha kisomwe. Kwa gari la biashara hili ni jambo la kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza.

Kuhusu aina, oili ya 5W-30 inafaa, na kwa joto la Pwani 10W-30 pia inakubalika. Tabia ya kumwaga oili nzito sana ili injini isile ni ya kutuliza tu. Oili nzito huchelewa kufika juu wakati wa kuwasha, na injini hii ina jambo moja zaidi linaloitegemea: mfumo wa VVT-i. Mfumo huo husogeza kemshafti ya valvu za kuingizia hewa mbele na nyuma kwa nguvu ya presha ya oili. Oili ikiwa chafu au nzito, valvu ndogo inayouongoza hukwama, gari hukosa nguvu, taa ya injini huwaka, na mashine ya kusoma kodi mara nyingi huonyesha P0011. Kabla ya kununua kifaa kipya, fundi aitoe valvu hiyo, aisafishe pamoja na kichujio chake, na abadilishe oili. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Cheni ya taimingi nayo haina kilomita maalumu za kubadilishwa. Huharibika kwa oili chakavu. Ikilia kama mnyororo wa baiskeli kwa sekunde chache injini inapowashwa baridi, kitenshina na vilainishi vyake vikaguliwe mapema.

Maji ya kisima na themostati iliyotupwa

Miamba ya matumbawe iliyo chini ya Diani, Tiwi na Msambweni hutoa maji yenye chokaa nyingi, na karibu na ufuo huwa na chumvi pia. Yeyote aliyetazama ndani ya birika la chai la nyumbani ameuona ukoko mweupe. Ukoko huohuo hujijenga ndani ya radieta na ndani ya njia za maji za injini, na chumvi hula alumini. Radieta inapaswa kuwekwa kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Wakati wa dharura barabarani maji yoyote safi yanakubalika, lakini yamwagwe na mfumo usafishwe gari likifika gereji.

Kifuniko cha radieta hudharauliwa. Kazi yake ni kuzuia presha ndani, na kwa presha hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Kifuniko kilicholegea, cha bei ndogo tu, kinatosha kuifanya injini ichemke kwenye foleni ya feri ya Likoni, ambako gari limesimama, hakuna upepo, na feni ya umeme ndiyo pekee inayopoza. Feni isipozunguka wakati sindano ya joto inapopanda, fyuzi, rilei na nyaya zake ziangaliwe kabla ya kuvunja kitu kingine chochote. Hewa ya bahari huozesha viungio vya nyaya, na pia mapezi membamba ya radieta upande wa mbele.

Kuna desturi moja kwenye gereji za Pwani ambayo wanafunzi wataikuta na wataambiwa ni ya busara: kung'oa themostati, kwa hoja kwamba huku ni joto na hatuihitaji. Themostati ya injini hii hufunguka karibu na nyuzi 80 hadi 84. Ikiondolewa, injini huchelewa kufikia joto lake la kazi, kompyuta hudhani bado ni baridi na kuongeza petroli, na petroli ya ziada huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda. Gari linalokula mafuta leo litakula oili mwakani. Kama injini inachemka ikiwa na themostati nzima, kosa liko mahali pengine, na huko ndiko pa kutafutwa.

Injini ikichemka, dereva asimame, azime, na asifungue kifuniko wala kumwaga maji baridi. Alumini iliyo moto ikimwagiwa maji baridi hujikunja, na gasketi ya hedi huungua.

Injini inapomisi

Kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Injini ikitetemeka na kodi kuwa P0301, silinda ya kwanza, iliyo upande wa cheni, ndiyo haiwaki vizuri. Fundi abadilishane koili ya kwanza na ya pili, afute kodi, kisha aendeshe. Kodi ikihamia P0302, koili ni mbovu. Ikibaki palepale, aangalie plagi, injekta, kisha mgandamizo. Jaribio hili linahitaji spana moja na robo saa, na linamwokolea mteja bei ya koili tatu zisizo na kosa. Kwa magari ya njia za vumbi za Kinango na Samburu, filta ya hewa nayo itazamwe kila sevisi, na sahani ya throto isafishwe masizi ikiwa silensa haitulii.

Kubadilisha injini, na oili iliyotumika

Ganda la chuma ndani ya silinda ni jembamba, hivyo nafasi ya kulichonga upya ni ndogo, na wengi huamua kununua injini iliyotumika. Namba ya injini imo kwenye logbook. Injini ikibadilishwa, mwenye gari anapaswa kupata risiti na stakabadhi za muuzaji, na kuomba NTSA ibadilishe rekodi. Gari lenye namba isiyolingana huzuiliwa kwenye ukaguzi, na ni vigumu kuliuza au kulilipia bima bila maswali.

Oili inayomwagwa kila sevisi isiachwe mchangani nyuma ya gereji. Udongo wa pwani hii hupitisha vitu kwa urahisi, na visima vya Tiwi ndivyo vinavyowanywesha wakazi wengi wa Ukunda na Diani. Inayomwagwa kando ya mto Mkurumudzi hufikia mikoko ya Gazi. Ikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na ikabidhiwe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Filta igeuzwe kifudifudi juu ya mtungi huo hadi oili iliyobaki ndani iishe kutoka, kisha nayo ihifadhiwe mbali na mvua hadi siku ya kukusanywa.