Dondoo muhimu: Kuchagua tuba ya simfonia

Pwani inayoijua siwa ya Lamu, lile baragumu la shaba, haishangazwi na shaba kubwa. Ila tuba huchaguliwa kwa noti, si kwa ukubwa.

• Anza na muziki wenyewe. Katika Simfonia ya 9 ya Dvořák (1893), tuba ina noti chache tu, zote katika sehemu ya pili, ikiandamana na trombone. Tuba nzito itazimeza trombone hizo. Simfonia ya 5 ya Prokofiev (1944) yataka tuba kubwa ya C au B-flati.

• Noti za juu? Chukua tuba ya F, aina iliyosajiliwa Berlin mwaka 1835. Huufaa muziki wa Berlioz.

• Hesabu valvu. Zisipungue nne, ya nne hunyoosha noti za chini zinazopanda kidogo.

• Ijaribu ukumbini. Mwenzio aketi viti vya nyuma akusikilize. Sikio la mpigaji hudanganya.

• Jihadhari na chumvi. Kuanzia Kudha, Somalia, hadi Mombasa, upepo wa bahari hula shaba. Mwaga maji, futa kwa kitambaa kikavu, tia valvu mafuta.

Tuba ifaayo huzibeba trombone, haizifuniki.